Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa Moshi: kisa cha mtu kina mwenyewe

Kwa Wakuu wa Majimbo, Wachungaji Viongozi, Mabaraza ya Wazee na wote mnaopanga zamu za mimbari, Moshi mjini na sharika za mlimani.

Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia kuhusu visa vya maisha ya watu vinavyosimuliwa ndani ya mahubiri: kisa cha mhubiri mwenyewe, cha mke wake, cha watoto wake, cha msharika aliyekuja ofisini akilia, cha marehemu ambaye udongo wa kaburi lake bado mbichi. Sisi ni wainjilisti, wazee wa kanisa na wakufunzi wa wahubiri walei. Kazi yetu ni kukaa na mtu mwenye karatasi ya mahubiri mkononi, siku mbili tatu kabla ya Jumapili, tukimsaidia kuona kipi kibaki na kipi kitoke. Kinachotusumbua kuliko vyote kwenye karatasi hizo ni kisa. Andiko likifafanuliwa vibaya, Jumapili inayofuata mhubiri anaweza kusimama akajisahihisha. Kisa cha mtu kikishatoka kwenye spika hakirudi.

Ombi letu tunalisema mapema. Kila usharika uwe na utaratibu ulioandikwa, ukurasa mmoja unatosha, unaosema kisa cha nani kinaweza kusimuliwa mimbarini, kwa ruhusa ya nani, kwa muda gani, na mtu aliyeumizwa na kisa aende kwa nani. Katika sharika nyingi tunazozifahamu utaratibu huo haupo. Kila mhubiri anajiamulia mwenyewe, mara nyingi akiwa tayari amesimama.

Hatuombi visa vifutwe. Nathani alipotumwa kwa Daudi, katika 2 Samweli 12, alianza na maskini mmoja na mwana-kondoo wake mdogo, ndipo mfalme akakasirika, na ndipo akajitambua. Paulo alisimulia kuokoka kwake mbele ya umati pale Yerusalemu na tena mbele ya Agripa, Matendo 22 na 26. Na sisi watu wa huku tumelelewa na ushuhuda. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha wazazi na babu zetu kusimama na kutubu hadharani. Lakini yatazameni mazingira yake. Mtu alitaja dhambi yake mwenyewe, mbele ya ndugu waliomjua, ambao kesho yake wangemwona shambani na kupima kama anaishi alichosema. Ushuhuda ule tumeuhamishia mimbarini, tukauwekea spika na kamera, tukampa mtu mmoja asiyeulizwa swali na yeyote. Umekuwa kitu kingine kabisa, na hatujawahi kukaa chini tukakubaliana uendeshweje.

Tuanze na linalouma zaidi, visa vya watu wengine.

Wahubiri wengi wanadhani wakificha jina wamemficha mtu. Chukueni sentensi hii ambayo tumeitunga kwa ajili ya kufundishia: "Kuna mama mmoja wa mtaa wa juu, mume wake yuko Mererani, wana watoto watatu, mkubwa alifukuzwa sekondari." Jina halimo. Sasa iwekeni kwenye usharika wenye familia mia mbili. Kusema mtaa wa juu kumeacha familia arobaini. Mererani imeacha tano. Watoto watatu wameacha mbili. Mkubwa kufukuzwa shule kumeacha moja, na mhubiri bado hajafika kwenye jambo lenyewe alilotaka kulisimulia. Mabenchi ya nyuma yameshageuziana shingo. Mama mwenyewe, kama yupo ibadani, hawezi kutoka maana akitoka amejitaja, hawezi kubaki maana anatazamwa.

Ndiyo maana tunawafundisha wahubiri kuhesabu alama. Alama ni mtaa, ukoo, kazi, idadi ya watoto, ugonjwa, mwaka, shule, hata rangi ya nyumba. Kama jambo ni la aibu au la majonzi na mtu yu hai, alama mbili tayari ni nyingi. Na huku kwetu ukoo peke yake una uzito wa alama tatu, kwa sababu ukitaja jina la ukoo umetaja na upande wa mlima, mara nyingine na kijiji chenyewe. Wapo wanaojitetea kwamba kisa ni cha "kule nilikohudumu zamani", kwa hiyo hapa hakuna anayemjua mhusika. Kutoka Machame hadi Marangu hakuna usharika usio na shangazi aliyeolewa usharika mwingine. Mhubiri aliyehamishwa kutoka Kibosho kwenda Himo hajahama masikio ya watu.

Kilichosemwa katika ushauri wa kichungaji au katika toba kisiingie kwenye mahubiri kabisa, hata kikibadilishwa, hata baada ya miaka kumi, hata kama mhusika ameshafariki. Hapa hatutoi hesabu ya alama. Sababu yake ni ya kawaida sana: msikilizaji akisikia kisa kinachonuka ofisi ya mchungaji, hata kama si chake, anaamua moyoni kwamba yeye hataingia ofisi ile. Mchungaji hatajua kamwe ni wangapi waliokuwa njiani kumjia wakageuka.

Kwa visa vingine, vile ambavyo mtu mwenyewe anaweza kufurahi visimuliwe, ruhusa inaombwa hivi. Mhubiri anaandika maneno yenyewe atakayosema, sentensi kwa sentensi. Kumwambia mtu "naomba nitumie ile habari yako" hakutoshi, kwa sababu yeye anafikiria sehemu moja ya habari na mhubiri anafikiria nyingine. Maneno hayo anasomewa mhusika ana kwa ana, akiwa amekaa, bila watu pembeni. Anaambiwa ni ibada ipi, ya saa moja au ya saa nne, na kama inarekodiwa. Anapewa siku tatu za kufikiri. Asipojibu, jibu ni hapana. Akijibu ndiyo, halafu Jumamosi jioni akabadili mawazo, kisa kinatoka bila kuulizwa sababu. Aliyefariki ana familia, na familia ya huku haina msemaji mmoja tu, kwa hiyo mjane au mgane na watoto wakubwa waulizwe kabla ya wajomba na mashemeji.

Kuna ugumu mmoja ambao viongozi tu ndio wanaoweza kuuondoa. Msharika wa kawaida hawezi kumwambia baba mchungaji "hapana" usoni. Tumelelewa hivyo, na ni heshima njema, ila katika jambo hili inageuka kuwa mtego. Ndiyo maana tunapendekeza ruhusa iombwe kupitia mtu wa tatu, mzee wa mtaa au mwinjilisti, ambaye mhusika anaweza kumkatalia bila kuona haya. Mtu huyo awe na daftari lenye mstari mmoja kwa kila kisa: tarehe, jina, maneno yaliyosomwa, ibada, jibu. Daftari likae kabatini kwa kufuli pamoja na vitabu vya usharika.

Watoto wa wachungaji na wa wainjilisti wanahitaji neno lao peke yao. Mtoto aliyesimuliwa Jumapili kwamba alilowesha kitanda, au aliiba sukari, au alifeli mtihani wa darasa la saba, anakutana na kisa hicho Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya shule. Watu wazima walicheka kwa upendo. Watoto wenzake hawacheki hivyo. Tunapendekeza mtoto aliye chini ya miaka kumi asisimuliwe kabisa kwa kosa au udhaifu wake, na mwenye miaka kumi na kuendelea asomewe maneno kama mtu mzima, mbele ya mama yake, na uso wake utazamwe kuliko mdomo wake. Mke wa mchungaji naye aulizwe kila mara upya. Ruhusa ya mwaka jana ilikuwa ya kisa cha mwaka jana.

Sasa kisa cha mhubiri mwenyewe. Hapa hakuna wa kumwomba ruhusa isipokuwa andiko, na andiko halipigi kelele linapoonewa.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mhubiri kuwa shujaa wa kila kisa. Aliomba, mvua ikanyesha. Alimkemea bosi, bosi akaokoka. Alitoa, akapewa. Paulo alipofika mahali pa kusimulia jambo kubwa kuliko yote yaliyompata, kunyakuliwa hata mbingu ya tatu, alilisimulia kama la mtu mwingine: namjua mtu mmoja katika Kristo. Alikuwa amelinyamazia miaka kumi na minne. Na alipomaliza hakukaa juu huko, alishuka kwenye mwiba wake ambao aliomba mara tatu uondoke na haukuondoka. Hiyo ni 2 Wakorintho 12, na tunawashauri wahubiri waisome polepole kabla ya kuandika neno "mimi" kwenye karatasi. Kipimo chetu ni chepesi. Chukua visa vitano vya mwisho ulivyosimulia juu yako, andika pembeni ya kila kimoja nani aliyetoka akisifiwa. Kama ni wewe katika vitatu au zaidi, miezi mitatu ijayo usijisimulie. Barua ileile, sura ya 4 mstari wa 5, inasema: "Kwa maana hatujihubiri wenyewe, bali Kristo Yesu ya kuwa ni Bwana."

Kosa la pili ni gumu kulitambua kwa sababu linafanana na shukrani. Ni kisa cha kuokolewa. Mhubiri anasimulia jinsi basi lilivyopinduka na yeye akatoka bila mchubuko, "kwa sababu asubuhi ile niliomba". Kwenye benchi la tatu amekaa mjane ambaye mume wake aliomba asubuhi ileile, katika barabara ileile ya Dar, na hakurudi. Kwake yeye mahubiri yamesema mume wake hakuomba vizuri. Hakuna aliyekusudia kusema hivyo, ila neno "kwa sababu" limesema. Vivyo hivyo visa vya kupona, vya kupata mtoto, vya kupata viza. Tiba yake si kunyamaza. Ondoeni "kwa sababu", mbaki na shukrani tupu: "Nilitoka hai. Wenzangu wawili hawakutoka. Sijui kwa nini, namshukuru Mungu, na ninawalilia." Kisa kikiweza kusimuliwa mbele ya mjane yule bila kubadilisha neno, kiko tayari. Tunawaambia wahubiri wamchague mtu mmoja wa kweli, usharikani, ambaye jambo hilo halikumwendea vizuri, wasome kisa kizima kwa sauti wakiwa wanamfikiria.

La tatu ni chumvi. Kisa kinachosimuliwa mara ya nne huwa kimeongezeka. Watu thelathini wamekuwa mia, homa imekuwa kifo, siku moja imekuwa wiki. Mhubiri hadanganyi kwa makusudi, ila kila aliposimulia alikumbuka alivyosimulia mara ya mwisho, si ilivyotokea. Dawa ni kuandika kisa siku kilipotokea, chenye tarehe na idadi, na kukihubiri kutoka kwenye daftari hilo. Kama hakikuandikwa, punguzeni idadi zote: "watu kadhaa" badala ya "watu mia".

Karibu na chumvi kuna kisa cha kuazima. Kisa kimetoka kwenye kitabu au kwenye video ya mhubiri wa Marekani au Nigeria, kinafika mimbarini kikiwa kimevaa nguo za hapa: "Nilikutana na mzee mmoja pale Kiboriloni." Kijana wa kwaya ana simu mkononi, amekiona kisa hichohicho juzi. Kuanzia dakika hiyo hamwamini mhubiri hata anaposoma Injili. Lugha yetu ina njia nyingi za kusema ukweli hapa na hazipunguzi utamu hata kidogo: "nimesoma", "nimesimuliwa", "tuseme kuna mtu", "chukulia". Bwana wetu alianza na "mtu mmoja alikuwa na wana wawili" na hakuna aliyeuliza anakaa wapi.

Turudi kwenye ufundi, maana tukifika hapa wahubiri wengi wanatuuliza: sasa nifanyeje?

Kwanza ni utaratibu wa wiki. Andiko linasomwa Jumatatu. Kufikia Jumatano mhubiri awe na sentensi moja inayosema andiko linataka nini. Kisa kinatafutwa baada ya hapo, Alhamisi au Ijumaa. Anayeanza na kisa, kwa sababu kilimpata wiki hii na bado kina moto, ataishia kutafuta andiko la kukibeba, na andiko litapinda. Kisha anakitoa kisa kwenye karatasi na kusoma mahubiri bila hicho. Yakisimama, kisa kinaweza kurudi kama dirisha. Yakianguka, hayakuwa mahubiri, yalikuwa kisa chenye mistari ya Biblia.

Muda. Katika mahubiri ya dakika 25, visa vyote kwa pamoja visizidi dakika 5, na kisa cha mhubiri mwenyewe kiwe kimoja, kisichozidi dakika 2. Kwa mwendo wa mimbari, pamoja na pumzi na ukimya, hayo ni maneno kama 200, yaani nusu ya ukurasa wa daftari kubwa. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ziandikwe neno kwa neno, maana kisa hurefuka kwenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Na sentensi inayofuata mara baada ya kisa itaje mstari wa andiko. Mhubiri akichelewa hata sentensi tatu, watu wameshabaki kule kwenye kisa.

Tuonyeshe kwa mfano tuliotunga. Andiko ni Luka 18:9–14, Farisayo na mtoza ushuru. Mhubiri ameandika hivi:

"Mwaka juzi nilialikwa kwenye semina kubwa Arusha. Nilipanda gari la asubuhi, tukafika saa tatu, wenyeji wakanipokea stendi, wakanipeleka hotelini nikanywa chai. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengine wamesimama madirishani. Nilihubiri saa mbili, watu wakalia, wakaja mbele. Baadaye tukiwa tunakula, mzee mmoja akaniuliza mara ya mwisho nimeomba lini bila kuombwa na mtu. Kwa kweli nilijisikia vibaya. Basi ndugu zangu, tujifunze unyenyekevu."

Safari na chai havimsaidii msikilizaji kumwona Farisayo, vinaondoka. Ukumbi uliojaa na watu wa madirishani vinamkweza mhubiri, na atakapokiri kosa lake bado atakuwa juu. Vinaondoka, isipokuwa kilio cha watu, maana bila hicho swali la mzee halichomi. "Nilijisikia vibaya" inaeleza hisia badala ya kuonyesha kilichotokea. Na "tujifunze unyenyekevu" ni sentensi inayoweza kufuata kisa chochote duniani. Kinachobaki:

"Nilikuwa nimetoka kuhubiri, watu wamelia. Mezani mzee mmoja akaniuliza, 'Mtumishi, lini mara ya mwisho umeomba bila kuombwa na mtu?' Nilishika kijiko, nikatafuta jibu, sikulipata. Sasa tazameni mstari wa 11. Farisayo naye alikuwa hekaluni, naye alikuwa anasali."

Maneno ni machache, mzee hana alama hata moja, mhubiri yuko upande wa Farisayo ambako andiko linamtaka awe, na macho ya watu yamerudi kwenye Biblia zao. Kile kijiko ndicho watakachokumbuka. Kitu kimoja cha kushikika kinatosha kwa kisa kimoja.

Mahali pa kisa pia pana hatari zake, ila tutapita haraka. Kisifungue mahubiri kila Jumapili, watu watazoea kusubiri burudani. Kisikae mwishoni kabisa kabla ya mwaliko wa kuja mbele, hasa kikiwa cha kifo au cha mtoto, kwa sababu mtu aliyekuja mbele kwa machozi ya kisa hajui ameitikia nini. Na kisa ambacho mhubiri hawezi kukisoma kwa sauti nyumbani mara tatu bila kuvunjika sauti, bado ni cha kumpelekea mchungaji mwenzake, ili aombewe. Washarika wasifanywe waganga wa mhubiri wao.

Mtu anaweza kujiuliza mhubiri atabaki na nini akibanwa kiasi hiki. Atabaki na mengi. Wengi wanakimbilia maisha yao wenyewe kwa sababu hawajaliuliza andiko maswali ya kutosha. Chukueni Msamaria Mwema, Luka 10. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko haizidi kilomita 30, lakini inateremka karibu mita 1,000, kutoka juu milimani hadi bondeni chini ya usawa wa bahari. Mwambieni mtu wa Moshi kwamba ni kama kushuka kutoka geti la Marangu mpaka mjini, ila bila migomba, bila kijito, bila nyumba, mawe na makorongo matupu ya kujifichia wanyang'anyi. Hakuna msharika aliyeanikwa mbele za watu, na kila mmoja ameiona ile njia kwa miguu yake. Mpanzi wa Mathayo 13 hana haja ya kisa cha mhubiri kwa watu waliokua wakipanda mahindi. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, unaopita shamba la jirani kabla ya kufika kwako una mafundisho ya haki na subira ya mwaka mzima. Mahubiri ya namna hii yanataka saa mbili zaidi za maandalizi, na hilo tunalikiri. Mhubiri mwenye mitaa minne na mazishi mawili kwa wiki hana saa hizo, na hapo ndipo kisa cha kuokoteza kinapoingia. Mkipanga zamu, likumbukeni.

Mazishi tumeyataja. Mahubiri ya mazishi huku yanafanyika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la familia, mbele ya ukoo mzima na wageni kutoka Dar, Nairobi na Arusha, na ni hapo visa vinaposimuliwa kwa uzembe mkubwa kuliko ibada yoyote. Marehemu anafanywa mfano wa mlevi aliyetubu dakika za mwisho, au wa kijana asiyesikia. Hawezi kujibu, na watoto wake wanamsikiliza wakiwa wamesimama kando ya jeneza. Tunaomba sharti moja: mhubiri asiseme lolote juu ya maisha ya marehemu ambalo familia haikulisoma jana yake jioni.

Na sikukuu ya mavuno. Visa vya "nilitoa kiasi fulani, Mungu akanirudishia gari" vinatajwa kwa shilingi kabisa. Mathayo 6:3 inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, na hapa usharika mzima umejulishwa. Anayeumia ni mama aliyetoa ada ya mtoto kwa kukifuata kisa hicho, akasubiri gari. Idadi ya fedha aliyotoa mtu hai, akiwemo mhubiri, isitajwe mimbarini.

Kuhusu kurekodi. Siku hizi ibada zinarushwa mubashara, na kisa kinamfikia binamu aliye Mwanza kabla baraka haijatolewa. Kinachorushwa mubashara hakikatwi. Kwa hiyo kama mhusika amekubali kisa kisikike kanisani tu, watu wa mitambo waambiwe kabla ya ibada, wapewe ishara, wazime sauti ya mtandaoni kwa dakika hizo mbili, au kisa kisisimuliwe siku hiyo. Klipu fupi ni mbaya zaidi, maana hukatwa kisa peke yake bila andiko, na ndiyo inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mjue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo cha mtu. Hatuandiki hili kwa kutisha. Lakini mhubiri anayesema mimbarini "dada huyu alikuwa na virusi" bila ridhaa yake aelewe kwamba ameshavuka mpaka wa maadili na anaelekea mpaka wa sheria.

Hata hivyo mwongozo wetu wa kwanza haukutoka bungeni. Marko 7:33 inasema Yesu alimtenga yule kiziwi na makutano, wakawa faragha, ndipo akamponya. Yule mwanamke aliyetokwa na damu, Marko 5, alisema kweli yote kwa kinywa chake mwenyewe, na Marko akaiandika habari yake bila jina. Na yule aliyetolewa pepo katika sura hiyohiyo, Bwana alimtuma aende nyumbani kwa watu wake akasimulie mwenyewe. Mwenye kisa ndiye aliyesimulia.

Basi, viongozi wetu, tunachowaomba mkifanye ni hiki. Andikeni ule ukurasa mmoja, muupitishe barazani, mubandike ofisini, mumtumie kila mhubiri mgeni pamoja na barua ya mwaliko, kabla hajafika. Katika semina ya wahubiri walei tengeni nusu siku kwa ajili ya visa peke yake, kila mshiriki aje na kisa kimoja kilichoandikwa na kikatwe hadharani kama tulivyokata kile cha Arusha. Teueni watu wawili katika kila usharika, mzee mmoja na mama mmoja asiye mke wa mtumishi, ambao aliyeumizwa anaweza kuwaendea, na wao wampelekee mhubiri bila kumtaja mlalamikaji asipotaka kutajwa. Mhubiri akikosea, amwombe radhi mhusika faraghani kwanza. Radhi ya hadharani itolewe pale tu mhusika anapoitaka, kwa maneno aliyoyakubali, kwa sababu kumwomba mtu radhi mbele ya watu kwa kisa chake ni kukisimulia mara ya pili. Na Jumatano moja kila mwezi, mzee mmoja awaulize washarika watatu: Jumapili andiko lilikuwa lipi, na lilisema nini? Wakikumbuka kisa tu, mhubiri aambiwe kwa upendo, wiki hiyohiyo.

Tunaomba ukurasa huo uwe tayari kabla ya Majilio, majuma manne ya kuelekea Krismasi. Desemba watoto wetu wote wanarudi nyumbani, makanisa ya mlimani yanajaa mpaka nje, na wahubiri watakuwa na hamu ya kusimulia. Rasimu ya ukurasa tumeshaiandika. Tuko tayari kuileta na kukaa na baraza lolote litakalotuita, jioni yoyote baada ya kazi.

Ni sisi katika huduma,
wainjilisti, wazee wa kanisa na wakufunzi wa wahubiri walei,
Moshi